Jinsi ya kubadili globu za taa za kona mwenyewe nyumbani, hatua kwa hatua (ila usikimbilie kununua globu kwanza)

Mbukwenyi wakuu. Jumapili moja nilikuwa natoka Hombolo na zabibu zangu nyuma kwenye buti, nafika pale Ihumwa kuingia lami kuu nawasha indiketa ya kulia nikate kurudi mjini, nasikia ile tiki tiki tiki inakimbia kama cherehani ya fundi mwenye oda ya harusi. Mbele kidogo nikasimamishwa. Trafiki hakuwa na maneno mengi, sh. 30,000, na mimi sikuwa na cha kujitetea mana ile indiketa ilikuwa inakimbia hivyo wiki nzima na mimi nasema kesho, kesho.

Kesho yake nikanunua globu mpya, nikafungua taa, nikakuta globu ya zamani ni nzima kabisa. Ndo mana naandika hii, mana wengi tunafanya hivyo hivyo, taa haiwaki tunawaza globu, tunanunua, tunaweka, inawaka siku mbili inazima tena, tunasema globu za siku hizi feki. Kweli feki zipo. Ila kwa huku kwetu Dodoma na vumbi hili, mtu anayekaa Nkuhungu au Nzuguni ndani ndani huko, nusu ya kesi ni holda, ile plastiki yenye waya inayoshika globu, imejaa uchafu na kutu. Twende taratibu.

Taa ya kona ni ile iliyokaa pembeni kabisa, inaanzia jirani na taa kubwa inazunguka kuja ubavuni kwenye fenda. Kwenye sedani nyingi za Kijapani za miaka ya 90 imetengana na taa kubwa, unaitoa peke yake, na hiyo ndo rahisi kuliko zote. Ndani yake unaweza kukuta globu ya indiketa ya wati 21, au ya paking ya wati 5, au zote mbili, au globu moja yenye nyaya mbili ndani inayofanya kazi zote. Kuna gari nyingine kona ina paking tu na indiketa iko chini kwenye bampa. Kwahiyo kabla hujafungua kitu washa paking, angalia nini kinawaka wapi, alafu washa hazadi, angalia tena. Utacheka ila kuna watu wamefungua taa ya kona kutafuta globu ya indiketa ambayo iko kwenye bampa, mimi nikiwa mmoja wao, ila hiyo ilikuwa gari ya shemeji.

Sasa hatua ya kwanza ni kusikiliza. Washa hazadi, shuka, zunguka gari yote. Indiketa nzima inatakiwa iwake na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, yani mara moja mpaka mbili kwa sekunde. Alafu zima hazadi, washa indiketa ya kushoto peke yake, kisha ya kulia. Ikikimbia upande mmoja tu maana yake upande ule kuna globu ya wati 21 haiwaki, ya mbele au ya nyuma. Sababu ni flasha, kile kidude kinachotoa ule mlio, kimepimwa kwa mzigo wa globu zote za upande mmoja. Globu moja ya wati 21 inakula karibu ampia 1.75 kwenye volti 12, sasa ikikosekana flasha inausikia mzigo umepungua inaanza kukimbia, na wametengeneza makusudi ili dereva ajue. Ile globu ndogo ya ubavuni kwenye fenda ni wati 5 tu, ikifa yenyewe mara nyingi flasha haishtuki, kwahiyo usitegemee masikio peke yake, shuka uangalie.

Kama indiketa zote kushoto na kulia hazifanyi kazi ila hazadi inafanya, achana na taa za kona kabisa, hapo tafuta fyuzi au swichi ya usukani. Na kama ukiwasha indiketa paking nayo inapepesa kwa mwanga hafifu, au ukiwasha paking indiketa inabaki imewaka kidogo kidogo, huo ni ugonjwa wa athi, yani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi haushiki vizuri, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi unapitia kwenye globu ya jirani. Hapo hata ukiweka globu kumi mpya utaona maajabu yale yale. Nitarudi kwenye hilo.

Vifaa ni vichache. Bisibisi ya nyota yenye mpini wa wastani, bisibisi ya bapa ndogo ya kubonyezea klipu, spana namba 10 kwa gari ambazo wametumia bolti, kitambaa kikavu, msasa laini sana, mswaki wa zamani, ile gundi ya karatasi ya mafundi rangi, na mafuta ya mgando kidogo ya kujipaka. Ukiwa na mita ya kupimia umeme vizuri, huna basi vipande viwili vya waya vinatosha, nitaeleza.

Wakati wa kufanya kazi pia una maana yake. Hizi taa ni plastiki ya miaka 20 na kitu imechomwa na jua mpaka imekauka, na plastiki kavu ikiwa ya baridi inakatika kama biskuti. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi Dodoma unajua mwenyewe lile baridi la upepo, usiguse taa muda huo. Subiri saa nne, saa tano jua lipashe kidogo. Ila saa nane mchana nayo hapana, utajichoma vidole kwenye boneti.

Zima gari, toa ufunguo, zima taa zote, fungua boneti. Bandika ile gundi ya karatasi kwenye ukingo wa fenda jirani na taa ili bisibisi ikiteleza isichune rangi. Alafu, na hili watu hawalifanyi, chomeka kitambaa kwenye uwazi ulio chini ya ile skrubu. Skrubu ikidondoka inaingia ndani ya bampa na kuitoa huko ni kazi ya kushusha bampa zima, yani kazi ya dakika 15 inakuwa ya jioni nzima na majirani wanakuja kukushauri.

Kwa taa iliyotengana, simama mbele ya gari angalia juu ya taa ya kona, pale inapokutana na taa kubwa. Kwa gari nyingi kuna skrubu moja tu, ya nyota, wakati mwingine imefunikwa na vumbi mpaka huioni, piga mswaki kwanza. Safisha na ule msalaba wa kichwa chake, bisibisi ikae mpaka chini, ndo ugeuze. Ukianza na uchafu ndani bisibisi inazunguka bure inakula kichwa na hapo umejitafutia tatizo jipya. Kama imeshika, puliza WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, nenda kanywe chai, rudi.

Skrubu ikitoka, taa bado haitoki, na hapa ndo pa hatari kuliko pote. Nyuma ya ile taa upande wa fenda kuna vijino vya plastiki vimeingia kwenye matundu, na vinatoka kwa kuvuta taa KWENDA MBELE, kama unaivuta droo, sio kuibinua kwenda nje. Ukiibinua nje unakata kijino, na kijino kikikatika taa haikai tena, inaanza kutetemeka kwenye rafu, maji yanaingia, mwisho utaiona inaning'inia na waya. Gari yangu ilipofika kwangu taa ya kushoto ilikuwa imeshakatwa kijino na fundi mmoja wa barabarani kabla yangu, akaweka supagluu, akapaka na seliteipu juu, kazi safi! Weka viganja vyote viwili, kimoja mbele kimoja ubavuni, vuta kidogo huku unatikisa. Ikigoma usiongeze nguvu, angalia kama kuna skrubu ya pili umeisahau.

Kuna aina nyingine haina skrubu, inashikwa na springi. Hiyo ukichungulia nyuma ya taa utaona springi imevutwa imekamata kwenye bodi, unaikamata na praizi unaivuta kidogo kuitoa kwenye ndoano yake, taa inakuja mbele yenyewe. Weka akilini springi ilikuwa imeelekea wapi, au piga picha na simu, haina aibu.

Na kwa hizi gari mpya mpya kidogo, kina IST na wenzake, indiketa imo ndani ya taa kubwa, hutoi taa, unaingiza mkono kwa nyuma unatafuta holda unaizungusha. Tatizo ni nafasi. Upande mmoja utakuta betri, mwingine utakuta boksi la eakilina, lile la kuchujia hewa ya injini, au shingo ya chupa ya maji ya waipa. Kitoe kile kinachokuzuia, mara nyingi ni bolti mbili za namba 10, usijichune mkono kwa ubishi. Kama ni betri, anza na waya wa negativu kuutoa na umalize nao kuurudisha. Gari nyingine njia ni kupitia ndani ya madigadi, unakata usukani tairi ligeuke upate nafasi, unafungua klipu za ile plastiki na kuikunja.

Taa ikiwa mkononi au mkono ukiwa nyuma ya taa, shika holda, ile plastiki yenye waya, izungushe kushoto kama robo tu ya mzunguko, itoke. Usivute waya. Globu zipo za aina mbili kubwa. Ile isiyo na chuma, kioo chenyewe kimebanwa chini kama kabari, unaivuta moja kwa moja kuja juu bila kuzungusha. Ile yenye kitako cha chuma na vipini viwili ubavuni, unaibonyeza ndani kwanza, unazungusha kushoto ukiwa umebonyeza, unaachia inatoka. Ikiwa imeshika kwa kutu tumia kitambaa usishike kioo na mkono mtupu, kinaweza kupasukia kiganjani. Ikipasuka, hakikisha taa zimezimwa, shika kile chuma kilichobaki na praizi yenye ncha, bonyeza, zungusha.

Sasa isome globu kabla ya kuihukumu. Inue kwenye mwanga. Kile kiwaya chembamba cha ndani kikiwa kimekatika, imekufa. Kioo kikiwa cheusi cheusi kama kimefukizwa na moshi, imechoka, ibadili hata kama inawaka. Kioo kikiwa na unga mweupe ndani, hewa imeingia, imekufa. Ikionekana nzima, usiamini macho, ipime: chukua waya mmoja kutoka negativu ya betri ushike ubavuni kwa chuma cha globu, mwingine kutoka pozitivu uguse kile kidoti cha chini. Zile waya mbili zisigusane tu, utapiga shoti. Ya kabari unagusa zile waya ndogo mbili zilizokunjwa chini, moja huku moja kule. Ikiwaka, globu haina kosa. Achia haraka, ya wati 21 inapata moto ndani ya sekunde chache.

Yangu iliwaka. Nikabaki naiangalia na ile mpya mfukoni.

Ndo nikageukia holda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penyewe. Chungulia ndani ya holda na tochi ya simu. Utakuta vumbi letu lile jekundu limeganda, na chini kwenye ulimi wa shaba kuna ukijani, hiyo ni kutu ya shaba, umeme haupiti hapo au unapita kwa shida. Masika ya kwetu ni mafupi, Desemba mpaka Aprili basi, lakini mvua ya kwanza ikilikuta vumbi la miezi saba ndani ya taa linageuka tope, tope linakauka, linashika kila kitu. Watu wa Dar wanalia na chumvi ya bahari sisi tunalia na hili. Safisha na mswaki mkavu, alafu kunja kipande kidogo cha msasa laini usugue ulimi na kuta za holda mpaka uone shaba inang'aa. Kisha na bisibisi ndogo unyanyue ule ulimi kidogo sana, kwa miaka unakuwa umelala hausukumi globu tena, na ndo sababu ya ile taa inayowaka ukigonga bampa na kuzima ukipita tuta. Ya kabari, bana zile shaba za pembeni zisogeleane kidogo. Maliza kwa kupaka mafuta ya mgando kiasi cha kichwa cha kiberiti kwenye shaba kuzuia unyevu, usijaze kama unapaka mkate.

Kama globu kweli imekufa, nenda dukani nayo mkononi. Kama uko Kongwa, Bahi au Mpwapwa na unaagiza kwa mtu anayeenda mjini, mpe globu ya zamani aibebe, usimwambie tu "ya indiketa". Mana zinafanana na hazifanani. Juu ya kitako kumeandikwa, soma. P21W ina vipini viwili vinavyotazamana sawasawa. PY21W ni ya rangi ya chungwa na vipini vyake havitazamani sawasawa, kimoja kimesogezwa makusudi, kwahiyo moja haiingii kwenye holda ya mwenzake, na usilazimishe. P21/5W ina vidoti viwili chini na vipini vimepishana urefu, kimoja juu kimoja chini, ndo ile yenye nyaya mbili. Ndogo ya paking ya kabari ni W5W. Na rangi: kava ya taa ikiwa ya chungwa weka globu nyeupe, kava ikiwa nyeupe weka globu ya chungwa. Zile za bei ya chini rangi inabanduka baada ya miezi kadhaa unaanza kuonyesha indiketa nyeupe, mwenzako anayekuja mbele hajui ni indiketa au ni taa tu.

Wenye Fuso zinazobeba mahindi Kibaigwa, zenu nyingi ni volti 24. Globu ya volti 12 humo itawaka kama radi mara moja na kwaheri.

Kuhusu kushika kioo na vidole, lile katazo ni la globu za halojeni za taa kubwa, hizi za kona sio halojeni hazidhuriki hivyo. Mimi nafuta tu na kitambaa naendelea.

Weka globu, rudisha holda zungusha kulia mpaka ikamate, na KABLA HUJAFUNGA TAA washa paking, washa indiketa, washa hazadi. Nimeshafunga mara mbili bila kujaribu, nikafungua mara mbili. Ikiwa sawa, angalia ule mpira mwembamba wa kuzuia maji kwenye holda kama upo umekaa. Na chini ya taa utaona kitundu kidogo, hicho ni cha kupumulia na kutoa maji, kuna watu wanakiziba na silikoni eti vumbi lisiingie, matokeo yake taa inatoa jasho ndani kila asubuhi. Kiache wazi.

Kurudisha ni kinyume, anza na vijino, hakikisha vyote vimeingia kwenye matundu yake, sukuma taa nyuma mpaka ilingane na mstari wa fenda na taa kubwa. Mstari ukiwa haujalingana kuna kijino hakijaingia, vuta uanze tena. Skrubu kaza ikishika tu basi, inaingia kwenye plastiki, ukiikaza kama nati ya tairi unavunja sikio la taa. Toa kitambaa ulichochomeka. Jioni giza likiingia paki gari imetazama ukuta, washa indiketa moja moja, linganisha mwanga wa kushoto na kulia. Mmoja ukiwa hafifu ujue holda ya upande huo bado haijasafika.

Bado haiwaki kabisa? Chukua waya, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine gusa sehemu ya athi ya holda. Ikiwaka, tatizo lako ni athi, fuata ule waya mweusi au mweupe wenye mstari mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na bolti, fungua, sugua rangi na kutu, funga tena. Isipowaka bado, umeme haufiki, angalia fyuzi. Fyuzi iliyoungua weka ya ampia ile ile, sio kubwa zaidi na sio karatasi ya ndani ya pakti ya sigara, mana fyuzi ikifa mara ya pili kuna shoti na hapo mwite fundi umeme.

Globu zikikufia kila mwezi ni jambo lingine. Pima betri injini ikiwa inaunguruma, inatakiwa kama volti 13.8 mpaka 14.4. Ikipita 15 altaneta inachaji kupita kiasi, inaua globu zote. Ikiwa sawa basi ni mitikisiko, kile kiwaya cha ndani kikiwa cha moto ni laini, na barabara yenye mawimbi kilomita 20 kila siku inakikata tu.

Watauliza LED. Zinapendeza, ila zinakula umeme kidogo sana kwahiyo flasha inadhani globu imekufa, inakimbia. Wauzaji watakupa rezista ya wati 50 ohmu 6, kidude cha kula umeme ili kuidanganya flasha, na ile inapata moto kweli kweli, ukiifunga jirani na waya au plastiki inayeyusha, ifungwe kwenye chuma. Afadhali ubadili flasha iwe ya LED. Mimi nabaki na globu za kawaida, nikiharibikiwa usiku Manyoni au Mtera napata nyingine kwenye duka lolote lenye spea.

Ile mpya niliyonunua bado ipo kwenye droo ya dashibodi, nimeiviringisha kwenye soksi ya mtoto.